Kila Kitu Kinafika Kwangu, Isipokuwa Gari la Taka

Nyumbani kwangu hapa Dar es Salaam kila kitu kinafika. Muuza kahawa anafika na birika lake la mkaa na kashata. Muuza samaki anafika, na nyuma yake wanafika paka wa mtaa mzima. Maji yakikatika, toyo lenye madumu linafika. Fundi viatu anafika akigonga kisanduku chake, mama wa vyombo vya mkopo anafika, mgombea udiwani anafika kila baada ya miaka mitano na fulana za kugawa, na usiku wa manane anafika hata yule jamaa anayeuliza kama hapa ndipo kwa mganga. Kitu kimoja tu hakijawahi kufika: gari la taka.

Sababu ninayopewa ni kichochoro. Ni kweli, kwetu ni ndani kidogo. Unaingia pembeni ya duka la mangi, unapinda penye choo cha msikiti, unaruka mtaro, unapita kwa Mama Chapati huku umeinama maana kamba zake za nguo ziko usawa wa shingo, ndipo unanifikia. Fuso haliwezi kupita humo, na mimi sina ugomvi na Fuso. Ugomvi wangu ni na mtoza ada.

Kijana huyu ana kipaji. Fundi umeme amewahi kunipigia simu akiwa nyuma ya ukuta wangu, ananiuliza niko wapi. Wageni wetu wa maulidi wamewahi kupotea humu wakaishia kula pilau la hitima ya watu wasiowajua. Mtoza ada hapotei. Anaruka mtaro, anainamia kamba, anatokea na kizibao chake cha njano na mashine mkononi, tena anajua nyumba ina vyumba vingapi, kipi kina mpangaji na kipi kimehamwa juzi.

"Shikamoo mzee. Ya taka."

"Marahaba. Taka zipi mwanangu, hizi hapa ukutani?"

"Mzee, gari linapita kila wiki. Barabarani."

"Barabarani siishi."

"Mnatakiwa mzipeleke kituoni."

"Kwa hiyo na ada niipeleke kituoni?"

Anacheka, kwa adabu, maana amelelewa vizuri, huku kidole kinabonyeza mashine. Risiti inatoka. Ina namba, ina tarehe, ina saa mpaka sekunde. Mashine ile haijawahi hata siku moja kusema mtandao unasumbua. Nikienda kuchukua hela yangu mwenyewe kwa wakala, mtandao unasumbua. Nikitaka kununua umeme mechi ikiwa inaanza, mtandao unasumbua. Nikilipa ada ya taka, mtandao unateleza.

Wakati fulani nilidhani tatizo ni kwamba hatujulikani tulipo. Mwaka 2022, kabla ya sensa, ilikuja ile operesheni ya anwani za makazi na postikodi. Vijana wakapita na simu zao, wakatupima, wakaniwekea namba mlangoni, na kichochoro chetu kikapewa jina na nguzo ya bati. Nikamwambia mama watoto: sasa hata gari la taka halina kisingizio. Nguzo ipo hadi leo. Mama Chapati amefunga kamba ya pili hapo.

Basi kituo chenyewe kiko barabarani, karibu na stendi ya bodaboda, na kwa macho ya mgeni hakina tofauti na jalala. Hakuna uzio, hakuna kibao wala siku. Gari linakuja likipenda. Likija alfajiri, wenye bahati ni wanaokwenda kuswali. Likija mchana, wenye bahati ni wasio na kazi. Likija usiku, hakuna mwenye bahati, kwa sababu linakuta mbwa wameshapasua kila kitu na wazoaji, ambao nao ni binadamu, wanazoa kile kinachozoleka na kuacha kile kilichosambaa. Asubuhi tunapita juu ya ugali wa jana tukielekea daladala.

Na huwezi kupeleka taka ovyo ovyo. Zamani tulitumia rambo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na mimi niliunga mkono, maana mitaro ilikuwa imeziba na mbuzi walikuwa wanakula rambo. Lakini taka hazikupigwa marufuku siku hiyo. Zimebaki, na zinataka chombo. Chombo ni salfeti. Salfeti inanunuliwa. Ukiipeleka kituoni na taka zake, inaondoka na gari, hairudi. Ukimwambia mzoaji amimine halafu akurudishie, anakutazama kwa huruma ya mtu anayemwona mzee mzima akigombania gunia.

Sasa nije kwenye majani.

Uani kwangu kuna mwembe. Dodo. Nimeukuta, baba alijenga akiuzunguka. Unatupa kivuli, unatupa maembe kuelekea mwaka mpya, na siku zote zilizobaki unatupa majani. Ukifagia alfajiri, ukigeuka kuuweka ufagio, yameshajaa tena. Nikayapakia kwenye salfeti, nikayapeleka kituoni siku ambayo kwa rehema za Mungu nililikuta gari.

"Mzee, haya ni majani."

"Naona."

"Sisi tunabeba taka."

"Na haya ni nini, maua ya harusi?"

"Majani yanajaza gari bure, hayana uzito. Hatubebi."

Nyuma yangu alikuwa Mama Chapati na ndoo ya maganda ya viazi na ndizi, maana jioni huwa anauza chipsi. Yeye akaambiwa maganda yana maji, yanachuruzika, ni mazito, ayaache yakauke kwanza. Kwa hiyo taka zangu zilikataliwa kwa wepesi na zake kwa uzito, na sote wawili tuna risiti za mwezi huo huo. Tukarudi kichochoroni kimya kimya, kila mtu na mzigo wake. Kinachonikera ni kwamba zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni hizo hizo: maganda, mabaki ya chakula, majani, vitu vilivyokuwa hai juzi. Ukikataa hizo, unachobakiwa nacho cha kuzoa ni risiti.

Kwa bibi yangu Rufiji tulikuwa na shimo nyuma ya nyumba. Kila kitu kilitupwa humo, na mwaka uliofuata boga lilichipua bila kupandwa na mtu. Bibi hakuwahi kulipia. Watu wa mazingira hupenda kutukumbusha hadithi za namna hii, kwamba turudi tulikotoka, tutengeneze mboji nyumbani. Naam. Waje waone uwanja wangu. Una mwembe, una shimo la choo, una banda la kuku la mpangaji, na kipande kilichobaki ndipo tunapoanika nguo na kukaa watu wanne wakati wa msiba, wengine wanakaa kwa jirani. Boga lichipulie wapi, juu ya bati?

Basi majani nikayachoma. Nayasema haya hadharani kwa kuwa bwana afya alishayajua. Moshi haujapanda hata kufika kwenye paa la msikiti, huyo hapo na daftari.

"Nani kachoma?"

"Majani yamejichoma, bwana afya."

Akanieleza sheria ndogo, vizuri tu. Kuchoma ni kosa. Kutupa mtaroni ni kosa. Kurundika mbele ya nyumba ni kosa. Nikamuuliza lipi si kosa. Akasema kuyapeleka kituoni. Nikamweleza ya kituoni. Akafikiri, akatazama mwembe juu mpaka chini, akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuukata. Hapo nilijua tumefika mwisho wa sera ya mazingira katika kata yetu.

Wakati mimi nabishana na bwana afya, kule barabarani mambo ni mengine. Jirani yetu mwenye ghorofa lililoangalia lami hana kituo. Kituo chake ni geti lake. Ana pipa la magurudumu, kijana wake wa bustani anakata ukoka Jumamosi, anarundika ukoka na matawi nje ya geti, na gari likipita vinabebwa pamoja na pipa. Hakuna anayemwambia majani hayana uzito. Si mtu mbaya, naomba nieleweke. Idi hatusahau kwa nyama. Lakini yeye na mimi tunalipa ada ile ile, na ukitaka kuwa mkweli, mimi ndiye ninayelipa zaidi.

Twende taratibu hapa. Hesabu yenyewe mtu anaweza kuifanya kwa vidole, lakini sijawahi kuiona ikisomwa kwenye mkutano wowote.

Hapo mbele ya kwangu anaishi bibi mmoja, mjane, miguu imevimba, anauza mkaa kwa kopo mlangoni. Hawezi kubeba salfeti kuruka mtaro. Kwa hiyo anamlipa kijana wa mkokoteni jero kwa kila mzigo, kijana naye anaupeleka anakojua mwenyewe. Mara nyingine kituoni, mara nyingine, mvua ikiwa kubwa na hakuna anayetazama, mtaroni. Salfeti kanunua. Kijana kamlipa. Na mwisho wa mwezi mtoza ada anamwamkia, "Shikamoo bibi, ya taka," naye anafungua kibindo. Huyu bibi ambaye taka zake zote ni majivu, maganda ya muhogo na majani ya chai analipa mara tatu. Mwenye ghorofa, ambaye kila kinachoingia kwake kimefungwa kwenye boksi na ndani ya boksi kuna plastiki na ndani ya plastiki kuna plastiki nyingine, analipa mara moja.

Na wapangaji wangu je? Nyumba moja ina vyumba sita. Kuna kijana wa chumba cha mwisho, mlinzi, anakula mgahawani, analala mchana. Sijawahi kuona taka yake zaidi ya vocha, na hizo zenyewe za zamani. Analipa sawa na familia ya chumba cha pili yenye mapacha. Mapacha wenyewe wanavaa pampasi. Sitaki kuongea sana kuhusu pampasi kwa sababu gazeti hili linasomwa wakati wa chai, ila niseme tu kwamba pampasi ndiyo taka pekee katika nyumba yangu ambayo haina mteja duniani. Kuku hawaitaki, mboji haiitaki, moto wenyewe unaikubali kwa shida. Hiyo ndiyo hasa ingestahili gari.

Mkandarasi wa kuzoa taka naye ana upande wake, na nimemsikiliza, maana siku moja alikuja mwenyewe kwenye mkutano wa mtaa akatoa jasho. Anasema nusu ya watu hawalipi. Anasema dizeli. Anasema dampo liko mbali. Hapo kwenye umbali simbishii. Jalala la Dar es Salaam limehama mara nyingi kuliko mpangaji asiyelipa kodi. Lilikuwa Tabata. Wakazi wa Tabata, wamechoka na moshi na nzi, wakalishitaki jiji Mahakama Kuu mwaka 1988, wakashinda. Jiji likawa linarudi mahakamani kuomba muda zaidi wa kuendelea kumwaga, hadi Jaji Lugakingira akashangaa waziwazi kwamba hajawahi kusikia mamlaka ya umma ikienda kortini kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Jalala likafungashwa hadi Kunduchi Mtongani. Wakazi wa Mtongani nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Likaenda Vingunguti. Likaenda Mtoni. Leo liko Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji, na mvua ikinyesha malori yanapanga foleni kwenye tope.

Ukiitazama safari hiyo kwenye ramani utaona jambo. Jalala halijawahi kuhamia Oysterbay. Linasogea kuelekea kwa watu ambao, wakati linafika, bado hawajapata wakili. Na wengi wa hao wanaopokea taka za jiji zima ni watu ambao gari la taka haliwapitii wao wenyewe. Malori yanapita mbele ya nyumba zao yamejaa, hayasimami.

Basi mkandarasi akishajua safari moja ya Pugu inamla siku nzima, anafanya akili ambayo mfanyabiashara yeyote angeifanya: anataka ajaze gari haraka, penye lami, kwa vituo vichache, arudi. Kichochoro kwake ni hasara. Sasa, hapo zamani tuliambiwa makandarasi ndio dawa. Na kulikuwa na ugonjwa wa kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taka zilizokuwa zinazolewa katika jiji hili hazikufika hata asilimia 5 ya zilizozalishwa. Mwaka 1994 jiji likaanza kuwapa watu binafsi kazi, likianzia katikati ya mji, na kwa haki kabisa tumetoka mbali. Lakini dawa ilianzia penye lami na mpaka leo haijavuka mtaro. Sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya milioni 5.3, na wengi wetu tunaishi kwenye makazi yaliyojipanga yenyewe, bila ramani, bila barabara ya Fuso. Mpango wa taka unaoanza kwa kudhani kila mtu ana geti umeandikwa na mtu mwenye geti.

Kuna usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, najua utaniuliza. Tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru akatuambia tushike mafagio, akashika na yeye karibu na Ikulu, na tangu hapo Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni yetu. Maduka yanafungwa mpaka saa nne, mgambo wanazunguka, tunazibua mitaro kwa majembe. Tunatoa tope, chupa, nguo, mara moja tulitoa redio. Tunavirundika ukingoni mwa mtaro, tunapigwa picha, tunaondoka. Gari la kubeba haliji. Mvua ya kwanza inakuja na kurudisha kila kitu ndani, redio ikiwemo.

Wakaja pia wafadhili wa mapipa. Mapipa matatu ya rangi tatu, moja la taka za jikoni, moja la chupa na makopo, moja la mengineyo. Kulikuwa na mgeni rasmi, utepe na ngoma, na kila mjumbe wa nyumba kumi akapata kofia. Tukafundishwa kutenganisha. Mama Chapati akatenganisha kwa moyo wote kwa majuma kadhaa, mpaka alipoliona gari limekuja, mzoaji akainua pipa la kwanza akamwaga, la pili akamwaga juu yake, la tatu juu ya yote. Hakusema kitu. Sasa hivi pipa moja liko kwenye ofisi ya mtaa linahifadhia maji, maana bomba la ofisi halitoi, la pili sijui liko wapi na la tatu limefungwa mnyororo kwenye mnazi lisiibiwe. Liko tupu. Limefungwa na kufuli la maana kuliko langu la mlangoni.

Na bado mtaani kwetu kurejeleza taka kunaendelea kila siku, bila utepe. Wanafanya vijana wa makopo. Hawa ndio watu pekee katika mfumo mzima wanaotoa huduma kwa haki. Hawaulizi upana wa kichochoro. Wanaruka mtaro, wanainamia kamba, wanapita kwa mwenye ghorofa, wanapita kwangu, wanapita kwa bibi wa mkaa, kwa macho yale yale na kwa kiroba kile kile mgongoni. Chupa ya maji ni chupa ya maji, iwe imenywewa na mkurugenzi au na mlinzi. Wanauza kwa kilo. Bei ikishuka kwa wanunuzi wa jumla, vijana wanaacha kuinama, na juma hilo hilo mitaro inajaa chupa. Sisi tunadhani watu wamekuwa wachafu ghafla, kumbe soko limeyumba.

Na malipo yao kutoka kwetu ni kuitwa wezi wa kandambili. Hawana glovu, hawana buti, hawana senti ya ada yangu ile yenye sekunde. Kijana mmoja nilimuuliza kwa nini hachukui mifuko ya nailoni ya biskuti. Akaniambia, "Mzee, ile haina mnunuzi. Mwambie aliyeitengeneza aje aichukue." Nimeliweka neno hilo akilini kwa ajili ya siku nitakapoalikwa kwenye semina.

Nilivyo mlalamishi, ningependa kusema haiwezekani, nikalale. Tatizo ni kwamba inawezekana, na si mbali. Bonyokwa, hapa hapa Dar es Salaam, wilaya ya Ilala, shirika la Nipe Fagio lilishirikiana na wakazi kuanzisha uzoaji wa nyumba kwa nyumba. Unatenganisha kwako, wazoaji wa mtaani wenye ushirika wao wanapita mlangoni, maganda yanageuzwa mboji hapo hapo katani, chupa na makopo yanauzwa, na kinachobaki ndicho kinachosafirishwa dampo. Hakuna aliyelazimisha Fuso lipite penye upana wa bajaji. Kinondoni nako, Mabwepande, kuna kiwanda cha mboji kilichotokana na undugu wa Dar es Salaam na jiji la Hamburg huko Ujerumani, miji iliyofungamana tangu 2010. Maganda yanayokataliwa kwenye gari letu kwa kosa la kuchuruzika, kule yanapokelewa. Laiti mwembe wangu ungekuwa na nauli.

Ninachotaka si kikubwa, na nimekiandika kwenye karatasi kwa ajili ya mkutano wa mtaa, mama watoto akaninyofolea matusi. Toyo liingie vichochoroni. Kama linaleta madumu ya maji yaliyojaa, linaweza kuondoka na salfeti. Vijana wa mkokoteni na wa makopo, ambao wanavijua vichochoro hivi kuliko mjumbe, waandikwe, wapewe glovu, walipwe kutoka kwenye ada hiyo hiyo. Majani na maganda yawe na siku yao na mahali pao humu humu katani, hata kiwanja kidogo cha mboji, yasisafirishwe Pugu kwa dizeli ili yakaoze huko wakati yangeweza kuozea hapa bure. Siku ya gari ibandikwe ukutani kwa maandishi, kwa sababu anayejua siku ya kutoza anaweza pia kujua siku ya kuzoa. Na asiyefikiwa na gari atozwe nusu mpaka afikiwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezipa halmashauri mzigo wa taka ngumu, pamoja na kusimamia zinavyotenganishwa zinakozalishwa. Haikusema mzigo huo unaishia ukingoni mwa lami.

Najua nitajibiwa kwamba bajeti haitoshi. Huenda ni kweli. Basi uhaba nao ugawanywe sawa: juma moja gari lizoe barabarani, juma linalofuata toyo lizoe ndani, na mwenye ghorofa naye abebe salfeti yake mara moja moja, aonje mtaro wetu. Tutamsaidia kuinamia kamba.

Mwenyekiti wa mtaa ameahidi mkutano Jumapili baada ya alasiri, kwenye uwanja wa shule. Wewe unayeishi nyuma ya nyumba za mbele, njoo, na uje na risiti zako zote za mwaka huu.